Jinsi ya Kumtambua na Kumwainisha Hydnoceras, Sifongo wa Kale

Karibuni, watazamaji. Kisukuku kilicho mbele yetu ni cha Hydnoceras, sifongo wa baharini aliyeishi katika kipindi cha Devoni, kilichokwisha takriban miaka milioni 359 iliyopita. Vielelezo vyake mashuhuri hutoka katika mawe ya mchanga ya jimbo la New York, Marekani.

Kwanza, kisafisheni kwa brashi laini iliyo kavu. Msikikwangue kwa chuma, maana alama tunazozitafuta zimo usoni pake kabisa.

Pili, zimeni taa ya juu na kuweka taa moja ubavuni, ili mwanga uliangukie jiwe kwa mshazari. Hapa tusiharakishe. Tazameni kwa lenzi: mistari inayopanda inakatana na ile inayozunguka, ikifanya wavu wa miraba mikubwa ambayo ndani yake mna miraba midogo zaidi. Wavu huo ni chapa ya kiunzi cha silika, yaani madini ya aina ya kioo, ambacho chenyewe kwa kawaida kimekwisha kuyeyuka. Tulichoshika mkononi ni mchanga uliojaa mahali pa sifongo ukageuka jiwe. Kwa hiyo kulidondoshea asidi, kama ifanywavyo kutambua chokaa, hakutatuambia kiunzi kilikuwa cha nini.

Sasa lizungusheni, mhesabu pande nane zenye safu za vinundu. Vinundu hivyo ni vizuri mno, lakini msitegemee umbo peke yake. Timothy Conrad, aliyempa mnyama huyu jina mwaka 1842, alimdhania kuwa sefalopodi, yaani jamaa wa pweza na ngisi.

Tatu, mwainisheni kwa kufuata kiunzi. Spikula, yaani vijisindano vinavyojenga kiunzi cha sifongo, huwa na miale sita inayokutana kwa pembe mraba katika sifongo wa kioo, ilhali katika sifongo wa chokaa mara nyingi huwa na miale mitatu. Wavu wetu wa miraba unatokana na miale hiyo sita, nao ndio unaotuongoza: himaya Animalia, faila Porifera, ngeli Hexactinellida, familia Dictyospongiidae, ambayo yote imekwisha kutoweka, kisha jenasi Hydnoceras.

Mwisho, andikeni lebo yenye jina la jenasi kwa herufi za mlazo, mahali kisukuku kilipookotwa na tabaka la mwamba. Ikiwa spishi haijathibitika, wekeni “sp.” baada ya jina la jenasi.