Usalama wa Bustani Huanzia Kwenye Bei

Wakubwa shikamooni, na wenzangu wote habari za asubuhi. Mada niliyopewa ni usalama na afya kazini kwa wenye biashara za bustani hapa Dar es Salaam, na najua wengi mnasubiri nianze na gambuti na glavu. Nitafika huko. Kwanza nataka tuitazame karatasi ya bei. Msimamizi anasimama getini, anachungulia ua, anasema laki mbili. Mteja anasema moja na nusu. Wanapeana mikono. Sasa jiulizeni ile elfu hamsini imetoka wapi. Petroli haikupungua, nauli haikupungua. Imetoka kwa mtu wa pili wa kushika ngazi, imetoka kwenye miwani, imetoka kwenye saa moja ya kupumzika mchana. Ajali ya Jumamosi imeshakubaliwa Jumatano, pale getini.

Kwa hiyo usitaje bei kabla hujazunguka eneo lote kwa miguu. Nenda mpaka nyuma ya nyumba, mpaka kwenye banda la mbwa, huku ukitazama chini na juu.

Nianze na chini, kwa sababu huko ndiko tunakosahau. Nyumba nyingi za jiji hili hazijaunganishwa na mtandao wa majitaka. Kila ua una karo na shimo la kufyonza, na mara nyingi mwenye nyumba amepandisha ukoka juu yake ili pasionekane. Mfuniko ni zege lenye nondo. Gesi ya karo inaila ile nondo kutokea chini kwa miaka, huku juu zege likionekana zima kabisa. Kisha wewe unapitisha toroli la mchanga uliolowa, ambalo pamoja na msukumaji ni zaidi ya kilo mia na hamsini. Muulize mwenye nyumba, na asipojua muulize dada wa kazi au mlinzi, hao hujua gari la kunyonya huwa linaingiza bomba wapi. Tafuta alama pia: kipande cha ukoka kilichostawi kuliko vingine, chenye umbo la pembe nne au duara, au sehemu inayotoa mlio wa uwazi ukigonga kwa mpini wa jembe. Chomeka vijiti vinne, zungushia kamba, na njia ya toroli ipite mita 2 pembeni.

Mtu akitumbukia, hakuna kumfuata. Ile harufu ya mayai viza ni gesi ya salfa, na ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo anayeingia kuokoa hudhani hewa imesafika. Ndiyo maana kwenye mashimo haya huwa hafi mtu mmoja tu. Piga 114, zimamoto na uokoaji. Kama kamba inamfikia na ana fahamu za kuishika, mvute ukiwa umelala juu ya ubao, usisimame ukingoni.

Juu sasa. Waya za TANESCO zinazopita barabarani kwenye nguzo ndefu ni za kilovolti 11 au 33, na hazina ganda. Umeme huo hauhitaji uuguse, unaweza kuruka. Mita 3 ndiyo karibu kabisa mtu, tawi, ngazi au mti wa kuangulia unavyoruhusiwa kufika, na hesabu mahali tawi litakapoangukia, si mahali lilipo sasa. Tawi bichi limejaa maji, linapitisha umeme. Mwanzi uliolowa unapitisha. Ngazi ya alumini sina haja ya kuisemea. Kazi iliyo ndani ya mita 3 si yako. Mteja aombe shirika likate umeme au lipogoe lenyewe. Atakwambia mwaka jana vijana walikata tu na hakuna kilichotokea. Mwachie huyo kijana wa mwaka jana.

Minazi nayo ina hesabu yake. Nazi ikidondoka kutoka mita 15 inafika chini kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na ina kilo moja na zaidi. Mkwezi akiwa juu, mtu mmoja chini kazi yake ni moja tu: kuzuia watu. Si kukusanya makuti. Kusanya akishashuka.

Tuje kwenye mashine ya kufyekea, ile ya kuvaa begani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayotupa majeraha mengi ya macho, na kosa lenyewe mnalijua. Uzi wa nailoni umeisha, duka liko mbali, fundi anakata waya, au kipande cha kebo ya breki ya baiskeli, anakifunga kwenye kikombe, kile kichwa cha chini kinachozungusha uzi. Inakata vizuri sana, sikatai. Nailoni ikigonga jiwe hukatika kipande chepesi ambacho nguvu yake huisha upesi. Waya ukikatika ni risasi. Unatoboa gambuti, unatoboa shavu, na unaweza kwenda mbali kuliko mita 15 tunazosema watu wakae. Piga marufuku moja kwa moja, na ili marufuku ishike, kila begi la kazi liwe na uzi wa akiba wa mita 10, wa unene uleule ulioandikwa kwenye kikombe. Uzi mnene kupita kiasi huelemea injini na kuchosha klachi. Mwembamba unakatika kila dakika, na kila unapokatika kijana anashawishika kurudi kwenye waya.

Kabla ya kuwasha, tembea kwenye nyasi uokote. Mawe, vizibo vya soda, vipande vya nondo, mifupa ya mbwa. Kwa bustani ya mita 20 kwa 20 ni robo saa, na iwemo kwenye bei. Watu wakae mita 15 kutoka ulipo. Gari haliwezi kusogea lenyewe, kwa hiyo mwombe mwenyewe alitoe au uweke turubai katikati. Kinga ya plastiki iliyo juu ya kikombe isitolewe hata kama "inashika majani". Ile ndiyo inayozuia jiwe kuja kwenye miguu yako.

Ukifunga kisu badala ya uzi, kumbuka mashine nyingi huzungusha kinyume cha saa ukitazama kutoka juu. Kata kwa kupeleka kulia kwenda kushoto, ukitumia upande wa kushoto wa kisu. Robo ya mbele kulia, kati ya namba 12 na namba 3 kwenye uso wa saa ya mshale, ndiyo inayorusha: ikigusa kisiki, mashine yote inatupwa kulia na mtu aliyesimama hapo anapoteza mguu. Mkanda wa begani si pambo. Ndio unaoizuia isizunguke kukufuata.

Usoni, wavu peke yake hautoshi. Wavu unazuia jiwe, hauzuii vumbi wala chembe. Vaa miwani ya kinga chini ya wavu. Na masikio: sauti ya desibeli 85 mtu anaivumilia saa 8 kwa siku bila kudhurika sana, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Mashine ya tustroki, ile inayotumia petroli iliyochanganywa na oili, ikiwa na desibeli 100, muda wake ni dakika 15. Dakika kumi na tano! Vijana wetu wanafyeka asubuhi nzima wakiwa na visikilizio vya simu masikioni, wanaongeza bongo fleva juu ya kelele ili waisikie. Hicho si kinga. Nunua vizibo vya masikio au vile vya kufunika sikio lote. Pamba ya dukani haitoshi.

Mafuta kwa ufupi. Mashine iliyoandikwa 50 kwa 1 inataka mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli; ya 25 kwa 1 inataka 200. Pima kwa chombo chenye alama, si kwa kizibo. Oili ikipungua pistoni inakwama, ikizidi plagi inashika masizi na kijana anakaa anavuta kamba mpaka mgongo unamuuma. Acha injini ipoe dakika 10 kabla ya kujaza, kisha sogea mita 3 ndipo uwashe. Na ukitaka kuchokoa majani yaliyosokotana kwenye kikombe, zima na uchomoe kofia ya plagi. Kuzima peke yake hakutoshi.

Dawa ndilo eneo la pili ninalotaka tukae. Nunua dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kwenye chupa yake, yenye kibandiko kinachosomeka. Mstari wa rangi chini ya kibandiko unakupa ukali: nyekundu ndiyo mbaya kuliko zote, kisha njano, bluu, na kijani. Kwa bustani ya nyumbani yenye watoto na mbwa, sioni sababu ya dawa ya nyekundu kuingia getini, na mteja akisisitiza, mwambie kazi hiyo hamfanyi.

Tatizo kubwa ni kipimo. Watu hukisia kwa vizibo. Fanyeni hivi mara moja kwa kila bomba la mgongoni na kila mpulizaji: jaza maji matupu, pima eneo la mita 10 kwa 10, lipulizie kwa mwendo wako wa kawaida, kisha jaza tena ukipima maji yaliyotumika. Tuseme lita 2. Basi bomba la lita 15 linatosha mita za mraba 750. Kibandiko kikisema lita 1 kwa hekta, yaani kwa mita za mraba 10,000, bomba hilo linataka mililita 75. Andika namba hiyo kwa rangi kwenye bomba. Nozeli ikibadilishwa au mpulizaji akibadilika, pima upya.

Weka maji nusu ya bomba, mimina dawa, jazia. Ukianza na dawa inakurukia usoni. Glavu ziwe za nitrili au mpira mnene. Za kitambaa na za ngozi hunyonya dawa na kukuvalisha siku nzima. Suruali ikae nje ya gambuti, la sivyo gambuti linakuwa ndoo. Barakoa za hospitali ni za kumkinga mgonjwa, hazizuii mvuke; tunataka ya mpira yenye kichujio cha mkaa, chenye mstari wa kahawia, na ukianza kunusa dawa ndani yake kichujio kimekwisha. Nozeli ikiziba, isafishe kwa mswaki na maji. Hakuna kupuliza kwa mdomo.

Hapa kwetu upepo wa bahari hushika kasi jua linapopanda, kwa hiyo muda wa kupulizia ni saa 12 na nusu mpaka saa 3 asubuhi. Matawi madogo yakianza kuyumba, funga bomba. Chupa tupu suuza mara tatu, maji yake yarudi kwenye bomba, kisha itoboe. Na msihamishie dawa wala petroli kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata kwa dakika tano. Mwenzako mwenye kiu hasomi.

Mtu aliyepuliza akianza kutoka jasho na mate mengi, machozi, mboni zikawa kama tundu la sindano, hizo ni dalili za sumu ya ogani-fosfati, kundi la dawa za kuua wadudu. Mvue nguo, muoshe kwa sabuni, mpeleke hospitali na kibandiko mkononi. Maziwa hayasaidii.

Utomvu wa mnyaa, ule unaopandwa kuwa ua huko Mbezi na Kigamboni, unaweza kupofusha. Ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 hadi 20 bila kusugua, kisha hospitali. Kwa sababu hiyo lita 2 za maji safi zisizoguswa zikae kwenye begi. Maji hayo hayo yanafaa kwa sumu ya swila atemaye. Aliyeng'atwa na nyoka asichanjwe, asifungwe kamba. Mlaze, usimruhusu kutembea, tafuta gari.

Kuanzia Desemba mpaka Machi, kazi nzito iishe saa 5. Kikombe cha maji kila dakika 20, mtu asisubiri kiu. Anayeanza kuongea ovyo au kuyumba hajalewa, amezidiwa na joto: kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na gari liitwe. Kwenye vitalu, mwaga maji ya visahani vya vyungu kila wiki. Mbu wa dengi hukua humo kwa siku saba hadi kumi, na jiji hili lilishaugua mwaka 2014 na 2019.

Kuhusu sheria nitasema machache. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakutaka usajili eneo la kazi OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na vifaa vya kinga utoe wewe, bure. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipwa na mwajiri peke yake, haukatwi kwenye mshahara. Kibarua wa deiwaka uliyemchukua asubuhi kijiweni akikatwa mguu saa 4, msiseme hamumjui.

Sasa rudini kwenye karatasi ya bei. Ongeza mstari unaosema "kukagua na kuokota, nusu saa", mwingine "mtu wa pili", na mwingine wa vifaa vinavyoisha: uzi, glavu, vichujio. Mteja akitaka punguzo, punguza eneo la kazi. Afyekewe mbele, nyuma abaki nayo.

Nje kuna mashine tatu na mabomba mawili, na eneo la mita 10 kwa 10 limeshafungwa kamba. Moja ya hizo mashine ina waya kwenye kikombe. Tutoke, anayeiona kwanza aseme.