Mimi ni Mtoto wa London, Ile ya Nakuru

Hamjambo watu wangu? Leo sina taa ya kurekodia wala meza. Simu nimeiegemeza kwenye pakiti ya unga ya kilo mbili hapa jikoni kwa dada yangu, kwa hivyo mkiniona naenda upande, mnivumilie. Na hao mnaowasikia ni kuku wa jirani. Tuko Nakuru, mtaa wa London. Wageni wa hapa msishtuke: Nakuru kuna London, na ndiko nilikozaliwa. Ile nyingine nimeipitia uwanja wa ndege tu. Kule Uingereza naishi Coventry, lakini kila mkinipigia mnaniuliza, "London kuko aje?" Nimechoka kuwasahihisha. London kuko sawa. Mlima Menengai uko palepale mgongoni mwetu, mvua imenyesha, barabara ni matope.

Sasa. Juzi tulikuwa kwa mama, tumekaa wengi, na shangazi yangu akaniuliza mbele ya watu wote: "Wewe una mashine ya kufua, una mashine ya kukausha, una mashine ya kuosha vyombo. Kila nikikupigia unasema umechoka. Unachoshwa na nini?" Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka. Usiku nikajikuta kitandani namjibu peke yangu, macho makavu. Basi hii video ni ya shangazi. Nyinyi wengine mnasikiliza tu.

Shangazi, mashine ya kufua haishiki mtoto.

Nina wawili, mnawajua. Kijana ana miaka mitano, na huyu msichana ana miwili. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, zamu ya saa kumi na mbili, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa moja jioni. Baba yao yuko ghala la mizigo, usiku. Anarudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mimi natoka dakika tano baadaye kukimbilia basi. Tunapokezana watoto pale mlangoni. Yeye anaingia na baridi ya nje, mimi natoka na joto la blanketi, na maneno yetu hayazidi matano: "Amekula, dawa iko mezani, kwaheri." Hiyo ndiyo ndoa yangu Jumatatu hadi Alhamisi. Anampeleka kijana shule saa mbili na dakika arobaini na tano, anarudi kulala kama yule mdogo amekubali kulala. Na yule mdogo, nyinyi mmemwona, hakubali. Saa tisa na robo kijana anachukuliwa shuleni. Mimi nafika nyumbani saa moja na nusu usiku, na saa tatu yeye anaondoka.

Mtasema, si kuna nasari? Ipo, nzuri sana. Watoto wa chini ya miaka miwili, mlezi mmoja haruhusiwi kuwa na zaidi ya watatu. Ni sheria. Lakini nilipouliza bei niliambiwa pauni 68 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: siku tano kwa wiki, wiki nne, ni pauni 1,360 kwa mwezi. Hizo ni zaidi ya shilingi laki mbili, kwa mtoto mmoja ambaye jina lake mwenyewe hawezi kulitamka. Halafu nasari inafunguliwa saa moja na nusu asubuhi, na mimi saa moja nishaanza kazi. Inafungwa saa kumi na mbili jioni, na mimi bado niko kazini. Ukichelewa kumchukua mtoto unalipa kwa kila robo saa. Kwa hivyo tunamlipia siku mbili tu kwa wiki, ili baba yake alale kama binadamu.

Na kabla hamjaniambia "serikali ya huko inalipia", ngojeni. Ni kweli, England wazazi wanaofanya kazi hupewa saa 30 kwa wiki, wiki 38 kwa mwaka, na tangu Septemba 2025 zinaanza mtoto akiwa na miezi 9. Lakini viza zetu zimeandikwa kwamba hatuna haki ya fedha za umma, na sisi wawili tuko hivyo. Kodi nakatwa. Saa hizo 30 sizipati. Akifikisha miaka mitatu atapewa 15 kama watoto wote, nami nahesabu miezi kama mfungwa.

Likizo ya uzazi nayo mnaipenda kuitaja. Wiki 52, ndiyo. Hapa Kenya ni miezi mitatu. Lakini ya hapa ni mshahara kamili. Kule wiki 6 za kwanza nililipwa asilimia 90 ya mshahara, kisha malipo hushuka hadi kiasi kidogo cha kisheria mpaka wiki ya 39, na baada ya hapo hakuna kitu. Mimi nilirudi kazini mtoto ana miezi saba. Hao wa mwaka mzima siwajui.

Ngoja niwape siku moja. Ilikuwa Jumanne, mwezi wa pili. Nilikuwa namnywesha chai bibi mmoja, kijiko kwa kijiko, kwa sababu kikombe hawezi tena kukishika. Simu ikatetemeka mfukoni mwa sare. Simu haziruhusiwi, lakini nambari ya nasari naijua hata kwa mtetemo. Mtoto ametapika. Ukisikia hivyo ujue si leo peke yake: akitapika harudi nasari mpaka zipite saa 48 tangu mara ya mwisho. Baba yake alikuwa amelala, simu yake imezimwa, na alistahili kuizima. Nikasimama na kile kijiko hewani. Bibi akanitazama, akafungua mdomo kama kifaranga, kumbe anangoja chai yake. Nikammalizia kikombe kwanza. Ndiyo nikaenda kwa msimamizi. Sheria inaniruhusu kutoka mtoto akipata dharura, ila haimlazimishi mwajiri kunilipa. Nilienda, sikulipwa, na jina likaandikwa kitabuni.

Haya, nije Nakuru. Tumefika wiki ya mwisho ya Julai. Wanaouliza kwa nini sikuja kwenye harusi mwezi wa tano: kule ukimtoa mtoto shule bila ruhusa siku za masomo unaweza kutozwa faini, pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na ukipitisha siku 21 bila kulipa inakuwa 160. Kwa hivyo sote tunasafiri wakati mmoja, na mashirika ya ndege yanajua.

Shule hapa zilikuwa hazijafungwa, nikamwona dada yangu siku ya kwanza. Saa kumi na nusu alfajiri ameamka. Basi la shule linapiga honi saa kumi na mbili kasorobo, mtoto wa Gredi ya 2 anapanda na mkono mmoja haujaingia kwenye sweta. Saa moja kasoro dada yuko kwenye matatu, anauza vifaa vya ujenzi pale mjini mpaka jioni. Akirudi kuna kazi ya shule ya kutengeneza kitu kwa maboksi. Nyinyi wazazi mnajua nani huifanya. Sikuja kusema maisha yake ni mteremko. Lakini alipotoka hakumwachia mtu maneno matano mlangoni. Alitoka tu. Mtoto mdogo alikuwa mgongoni kwa msichana wa kazi, amefungwa leso, na uji uko motoni.

Hapo ndipo nilipokosa usingizi. 2021 mimi pia nilikuwa na msichana wa kazi, hapahapa London. Nilikuwa nikimlipa shilingi 6,000 kwa mwezi. Ule mwaka Desemba tukawa jiji, tukashangilia barabarani. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani kwenye miji mikubwa kama hii leo kimepita 15,000, na hata wakati ule 6,000 ilikuwa mbali na sheria. Nami nilimnunia wiki nzima kwa sababu ya sukari. Nilichora alama kwa kalamu kwenye mkebe, nijue inapungua kiasi gani.

Yule bibi wa chai ana binti. Huja Jumapili. Anambusu mama yake, kisha anafungua kabati, anahesabu biskuti, ananiangalia.

Nimemwambia dada yangu haya jana usiku. Akaniuliza kama nataka kumwongezea yule msichana kutoka mfukoni mwangu. Nikasema ndiyo, mpaka Desemba, kisha tuzungumze. Hajafurahi. Ataninunia wiki yote, na hii video ataiona, sawa, aione.

Kijana wangu siwaoneshi, hajulikani aliko. Alitoka saa nne. Siku ya kwanza aliniuliza ni nani atampeleka nje, na nani atamrudisha. Leo hajauliza mtu. Jana alirudi na matope hadi kwenye nyusi, ameshakula chapati kwa majirani ambao sijui hata jina lao.

Ee? Ngoja... Anti, yule msichana wa kazi, anataka nini? Yuko mlangoni hapa, binti yangu yuko mgongoni kwake amelala, mnamwona mguu? Anasema maji yamechemka, anaomba unga. Na unga ndio umeshika simu. Sawa, chukua, chukua, wacha nizime