Mtori Upo?

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na wazee wetu mliokaa mbele: shikamooni.

Leo asubuhi nimeshuka stendi hapa Moshi na njaa yangu. Hatua chache tu, nikakuta ubao wa mama ntilie, umeandikwa kwa chaki, herufi kubwa: MTORI UPO? Nikachungulia ndani nikamjibu, "Sijui, mama, labda tufunue sufuria." Akacheka. Ulikuwapo, nimekula bakuli mbili, na ndiyo maana mnaniona nimechelewa.

Msimcheke sana. Kiswahili hakihamishi maneno ili kuuliza. "Mtori upo" ni taarifa, na ni swali pia. Maneno yaleyale, mpangilio uleule. Tofauti inakaa kooni. Najua, mwalimu wa sarufi atasema tuanze na "je". Nenda Mbuyuni sokoni ukaulize "Je, nyanya zipo?" uone watakavyokugeukia! Sasa ubao hauna koo, kwa hiyo kazi yote ya sauti tumeutwisha mkia mmoja wenye umbo la ndoana. Tenzi za kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu hazikuwa na mkato wala alama ya kuuliza, na hazikupungukiwa kitu, maana zilisomwa kwa kughaniwa. Msomaji alikuja na sauti yake.

Mara nyingine kosa husema kweli kuliko usahihi. Cherehani yangu ina fundi wake, simtaji. Mlangoni kaandika FUNDI YUPO? Mwaka mzima nalipitia swali hilo na jibu ni hapana.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye ritifaa, kile kijialama cha ng'. Waingereza huwatania wauza mboga wao kwa kuichomeka ritifaa kwenye kila neno la wingi. Sisi zamu yetu ni bucha. Nimeona NGOMBE, nimeona N'GOMBE, nimeona NGO'MBE: mnyama mmoja, pembe kila siku inahama. Hapo nyama hainunuliki vibaya, tunacheka tunapita. Kwenye meno ni hatari kidogo. "Tunang'oa" ikikosa ritifaa, inabaki ngoa, na ngoa ni wivu au tamaa. Watu wa pwani hulia ngoa. Mgonjwa aliyekuja na jino anaondoka na mambo ya mapenzi.

Kuna ubao wa waosha magari nilioupenda kuliko wote: OSHA GARI NGARA. Mwenyewe alikusudia "Osha gari, ng'ara." Amekosa mkato mmoja na ritifaa moja, na mteja wa Moshi ametumwa Ngara, mkoani Kagera, kule tunakopakana na Rwanda na Burundi, akaoshe gari. Akirudi na lile vumbi, aoshe tena.

Nilimuuliza mchora mabango mmoja kwa nini. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nalipwa kwa herufi. Nukta ni nyongeza, kama ya muuza nyanya." Nikaelewa ghafla ile misururu ya alama za mshangao: HATUKOPESHI!!!! Ni ukarimu ule. Na mwenye duka anayeweka nne, mimi humwamini kidogo kuliko anayeweka moja. Wa nne ameshakopesha.

(Kicheko.)

Alama za mtajo ndizo sizisamehi. SUPU YA "MBUZI". Mwandishi anadhani anamkoleza mbuzi wake, kama mtu anayepiga meza. Msomaji anasikia kingine: huyu ndiye tunayemwita mbuzi. Mjini kwetu, ambako watu hutoka mbali kufuata kisusio, ile supu ya mbuzi na damu yake, kumtilia mbuzi shaka ni kuvunja ukoo. Rangi ilikuwa ya kumwaga. Angemchora tu mnyama, na ndevu zake.

Nilikuwa na la kusema kuhusu mabano, ila naona macho yenu yako mlangoni. Nami wakati naingia nimeona karatasi iliyobandikwa pale na mwenyeji wetu: CHAI IPO? Mwenyekiti, hilo naomba ulijibu wewe.