Askari waliogomea mshahara miezi 18

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Leo ni Rejimenti ya 54 ya Massachusetts, watu weusi waliojitolea wenyewe kupigana kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, na wanaowajua wanawajua kwa ile jioni ya tarehe 18 Julai 1863 pale Fort Wagner, ngome ya waasi wa Kusini waliotaka kujitenga na Marekani, huko South Carolina, wanakimbia kwenye mchanga wa ufukweni mizinga inawachapa, walienda kama 600 na 272 kati yao wakauawa, wakajeruhiwa au wakatekwa, kanali wao Robert Gould Shaw, mzungu kijana wa miaka 25, akafia pale ngomeni akafukiwa shimo moja na askari wake. Sajenti William Carney akarudi anajikokota na bendera, risasi mwilini. Medali yake ya Heshima, ile ya juu kabisa jeshini Marekani, kapewa 1900, hebu pigeni hesabu wenyewe.

Ila mimi kwangu stori yenyewe ni hela. Wakati wanaandikishwa waliahidiwa dola 13 kwa mwezi sawa na wazungu, mlipaji akafika na dola 10 na humo anakata 3 za nguo, yaani mkononi unabaki na 7. Wakagoma. Vitani wanaenda kama kawaida, mshahara hawagusi! Jimbo la Massachusetts likasema basi sisi tutajazia hiyo tofauti, wakakataa pia, wanataka serikali iliyowaita iwalipe yenyewe kama askari, na huku nyumbani wake na watoto wanalala njaa. Koplo James Henry Gooding akamwandikia Rais Lincoln, Septemba 1863, akauliza sisi ni askari au vibarua? Maskini, Februari iliyofuata akatekwa Olustee kule Florida, Julai akafia gereza la Andersonville.

Juni 1864 Bunge likapitisha malipo sawa, lakini kuna mtego, malimbikizo yote tangu kuandikishwa anapata yule tu aliyekuwa huru tarehe 19 Aprili 1861, na wengine siku hiyo walikuwa bado watumwa. Kanali mpya, Edward Hallowell, akatunga kiapo chake: unaapa kwamba siku ile hapakuwa na mtu mwenye haki ya kukudai kazi bila malipo? Mtumwa aliyetoroka akanyoosha mkono, akaapa, na hakusema uongo hata neno moja. Mwisho wa Septemba wakaanza kuhesabiwa hela zao.