Msumeno Utasubiri: Kuweka Freti kwa Zana Ulizonazo

Mafundi wenzangu, karibuni. Naona wengine mmekuja na vyombo vyenu mikononi. Gitaa la bati, gitaa la kasha la mbao, na pale nyuma kuna mmoja ambaye kiwiliwili cha chombo chake kilikuwa sufuria. Vizuri sana. Msiviweke mbali, tutavihitaji.

Pale mlangoni nimeulizwa swali moja mara nne: "Mwalimu, nikate freti kwa msumeno gani?" Freti ni vile vipande vinavyokingama shingo ya chombo, unakokandamizia uzi kupata sauti tofauti. Kila ninapozungumza naulizwa hilohilo. Nitalijibu, lakini litasubiri, kwa sababu halistahili kutangulia. Vyombo ninavyoletewa nivitazame, kwamba haviimbi, ni vichache mno vilivyoharibiwa na msumeno. Vingi vimeharibiwa na rula, tena rula nzima, isiyo na kasoro.

Niwape kisa kimoja. Kijana aliniletea chombo cha nyuzi tatu. Kazi safi. Shingo imepigwa msasa hadi inateleza, na freti ametengeneza kwa spoki za baiskeli, zimekatwa sawasawa na kung'arishwa. Nikapiga freti ya kwanza, ikaimba. Ya tatu, nikasema haya, tutavumilia. Kufika ya saba, uso ukanikunjamana. Ya 12 sikuimaliza. Akaniambia, "Nadhani msumeno wangu ulikuwa mbaya."

Nikamwomba karatasi ndefu. Tukaiweka kuanzia kwenye kizingiti, yaani kile kipande cha mfupa kule juu ya shingo ambacho nyuzi zinapita juu yake, hadi kwenye daraja, yaani kile kipande kwenye kiwiliwili ambacho nyuzi zinalala juu yake. Tukaikata hapohapo, urefu uleule wa uzi unaotikisika. Nikamwambia akunje katikati, ncha kwa ncha. Akakunja, akairudisha kwenye shingo. Mkunjo ukakaa milimita 5 kasoro kidogo kabla ya kufika freti ya 12. Akaikunjua, akaikunja tena, taratibu zaidi, akapiga pasi kwa ukucha. Mkunjo ukakaa palepale.

Freti ya 12 ndiyo oktavu, yaani sauti ileile ya uzi usiokandamizwa, ila juu zaidi. Oktavu ni nusu ya uzi. Hakuna majadiliano hapo.

Nikamuuliza amepimaje. Amepima kama wengi mnavyopima: kutoka kizingitini hadi freti ya kwanza, akaweka alama. Akaihamisha rula, akapima kutoka ya kwanza hadi ya pili. Akaihamisha tena. Penseli yake butu, na kila alama inazidi kwa unene wa mstari, tuseme milimita 0.4. Nani ataiona milimita 0.4? Hata mimi siioni. Lakini zidisha mara 12, maana kila kosa linabebwa na alama inayofuata. Inakuja karibu milimita 5. Kwenye uzi wa milimita 600, milimita 5 pale katikati ni zaidi ya robo ya nusu toni, na nusu toni ni hatua ya freti moja. Hiyo hata mtoto anaisikia.

Kwa hiyo nasema, na nitaendelea kusema mpaka mnichoke: rula inakaa sifuri kwenye kizingiti, na haiondoki. Ibane kwa jiriwa, ibandike kwa gundi ya karatasi, mpe mtu aishike, lakini haiondoki. Freti ya kwanza inapimwa kutoka kizingitini. Ya pili inapimwa kutoka kizingitini. Ya 12 inapimwa kutoka kizingitini. Ukikosea alama moja kwa milimita 0.4, umekosea alama moja tu, na jirani zake hawahusiki.

Hapa ndipo watu wanachanganyikiwa, kwa sababu hesabu yenyewe inakwenda hatua kwa hatua. Tuchukue uzi wa milimita 600. Gawanya kwa 17.817, unapata 33.7. Hiyo ndiyo freti ya kwanza. Imebaki 566.3. Gawanya hiyo kwa 17.817, unapata 31.8. Sasa jumlisha: 33.7 na 31.8 ni 65.5, na hiyo ndiyo nafasi ya freti ya pili. Ya tatu inaangukia 95.5. Ya tano 150.5. Ya saba 199.5. Ya 12 lazima iwe 300, na isipokuwa 300 rudi ukatafute ulipokosea kabla hujagusa mbao. Hatua kwa hatua ni kwenye daftari. Kwenye mbao ni jumla peke yake, kutoka sifuri. Daftari na mbao ni kazi mbili tofauti, na huyu kijana alizifanya kuwa moja.

Kuna atakayeuliza, 17.817 imetoka wapi? Kila freti inafupisha uzi kwa uwiano uleule, na ukifupisha mara 12 unafika nusu. Basi. Kipeuo cha 12 cha 2 ni 1.05946, na kutoka hapo inapatikana hiyo namba. Mafundi wa zamani wa Ulaya walikuwa wanagawanya kwa 18 kavu. Vincenzo Galilei, baba yake yule Galileo wa nyota, aliandika uwiano wa 18 kwa 17 mwaka 1581. Ukigawanya kwa 18 kwenye milimita 600, freti ya 12 inaangukia 297.8, pungufu ya milimita 2 na kidogo. Msiwacheke. Ukikandamiza uzi unauvuta, na ukiuvuta sauti inapanda. Freti iliyosogea kidogo kuelekea kizingiti inaishusha. Ile 18 yao ilikuwa inafuta sehemu ya kosa hilo bila mtu kugusa daraja. Sisi leo tunaliachia daraja kazi hiyo, nitaligusia.

Sasa namwona mzee pale anatikisa kichwa. Najua anachotaka kusema: watu wametengeneza ala tangu zamani bila kugawanya chochote. Ni kweli kabisa. Udi hauna freti hata moja. Fidla haina. Na bağlama, ala ya nyuzi ya Waturuki, ina freti za kufunga, uzi unaozungushwa shingoni na kukazwa, ambazo unaweza kuzisukuma juu na chini. Mpigaji anasikiliza, anasukuma, anasikiliza tena. Hiyo nayo ni kupima, mzee wangu, ila rula yake iko sikioni. Wala siidharau. Kama hiki ni chombo chako cha kwanza, naomba uanze hivyo. Chukua mshipi mnene wa kuvulia samaki, funga freti zako kwa kuzungusha mara mbili, kaza fundo upande wa juu wa shingo, kisha zisukume hadi sikio liridhike. Huhitaji msumeno, huhitaji gundi, na kosa linarekebishika kwa kidole. Tatizo linakuja pale mtu anapotaka chuma kilichozama ndani ya mbao, kisichosogea, halafu anakiweka kwa macho. Ukishakata mbao, umekula kiapo.

Na wewe kijana uliyeshika simu, ndiyo, ziko programu za kukupa namba zote kwa sekunde moja. Zitumie. Lakini itakuuliza urefu wa uzi, na wewe utaandika nini? Wengi wanaandika urefu wa shingo. Wengine wamenakili nafasi za freti kutoka gitaa la dukani lenye uzi wa milimita 650, wakazihamishia kwenye chombo chenye daraja kwenye 600. Freti ya kwanza ya 650 iko milimita 36.5, ya 600 iko 33.7. Chombo hicho hakitaimba hata ukikikatia kwa msumeno wa dhahabu. Urefu wa uzi ni kutoka ukingo wa kizingiti, ule unaotazama daraja, hadi pale uzi unapolala kwenye daraja. Amua urefu huo kwanza, uuandike nyuma ya shingo, ndipo ufungue simu.

Ile karatasi iliyokunjwa msiitupe. Nusu ni freti ya 12. Ikunje sehemu tatu sawa: mkunjo wa kwanza kutoka kizingitini unakuja karibu kabisa na freti ya saba, tofauti ni nusu milimita. Ikunje sehemu nne sawa: robo ya kwanza inakuja karibu na freti ya tano, nusu milimita vilevile. Ukiona freti ya saba iko mbali na mkunjo kwa milimita 3, acha msumeno chini. Karatasi haiwezi kukupa freti zote, lakini inakamata uongo mkubwa kabla haujawa mkato.

Haya, msumeno. Muda unakimbia.

Freti za dukani zina ulimi unaozama kwenye mbao, unene wake kama milimita 0.5 hadi 0.6. Mkato unatakiwa uwe mwembamba kiasi cha kuung'ata huo ulimi. Wengi wenu mna msumeno wa chuma tu, ule wa kukatia mabomba. Bledi yake yenyewe si nene, shida ni kwamba meno yamepindwa kushoto na kulia, kwa hiyo mkato unatoka mpana kuliko bledi na freti inacheza ndani kama jino bovu. Dawa yake: chukua bledi mpya yenye meno madogo, ya meno 24 au 32 kwa inchi, ilaze ubavu juu ya jiwe la kunolea na uisugue, upande huu mara kumi, upande ule mara kumi, mpaka meno yanyooke na ubavu. Jaribu kwenye kipande cha mbao ileile. Freti ikiingia kwa kupigwa na kukataa kutoka kwa vidole, umefika. Ikidondoka, sugua tena. Ikigoma kabisa kuingia, usiilazimishe, shingo itapinda kwa nyuma.

Bandika utepe kwenye bledi kuonyesha kina, milimita 2 na nusu hivi. Na usikate kwa mkono mtupu. Bana kibao kilichonyooka kando ya alama, bledi ikiegemee. Alama yenyewe ichore kwa ncha ya kisu, mstari wa penseli una unene, nimeshasema habari za unene.

Kama huna freti za dukani, spoki ni chuma kizuri, kigumu, kina milimita 2. Fimbo nyembamba ya shaba nyeusi au ya njano inafaa. Misumari iliyokatwa vichwa inafaa pia. Waya wa umeme wa shaba ni laini, nyuzi za chuma zitauchimba mapema. Chuma cha duara hakina ulimi, kwa hiyo hukati kwa msumeno, unachimba mfereji kwa tupa ya pembe tatu, na kina kiwe kiasi kwamba nusu ya duara inabaki juu. Gundi ya epoksi kidogo, bana, acha usiku kucha. Vijiti vya meno vya mwanzi kwa nyuzi za nailoni, naam, vinafanya kazi, nimeviona.

Kugonga: anza ncha zote mbili, malizia katikati. Huna nyundo ya plastiki, weka kipande cha mbao ngumu juu ya freti, upige hicho. Zikishakaa zote, paka wino wa kalamu nene juu ya kila freti, bandika msasa kwenye kipande cha kioo kilichonyooka, pitisha kwa urefu wa shingo. Wino unapofutika pako juu. Unapobaki pako chini. Endelea mpaka zote zimeguswa. Kuzirudishia mviringo na kulainisha ncha zisikwangue mkono, hilo lina mambo yake, na mwenye ukumbi ameshanionyesha saa. Tutalifanya siku nyingine.

La mwisho, daraja. Usiligundishe. Gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, upige, usikie ile sauti nyembamba ya filimbi. Kisha ukandamize palepale, upige tena. Ukikandamiza ikawa juu kuliko filimbi, rudisha daraja nyuma, mbali na shingo, milimita moja, jaribu tena. Mara nyingi utarudisha milimita 2 au 3, na nyuzi nene zaidi kuliko nyembamba. Ukirudisha milimita 8 na bado, tatizo haliko kwenye daraja, na sasa mnajua liko wapi.

Wewe wa sufuria, njoo mbele na chombo chako. Na nani ana karatasi ndefu?