Leo Tena Mkate

Asanteni. Naona wengine mmeshanisikia nikiyasema haya, nyuso zenu zinasema, "Leo tena mkate!" Ndiyo, leo tena mkate, maana ndio unaokuonyesha pa kula na pa kulala Ayalandi. Siku mtakayoacha kurudi kutoka Kerry, kusini-magharibi mwa Ayalandi, mkilalamika kwamba Waayalandi hawajui kupika, na mimi nitanyamaza.

Dublin, mji mkuu, siigusi. Ukilala njaa Dublin umejitakia. Nasemea mashambani: Cork ya magharibi, Kerry, Clare, Connemara.

Ukishakaa mezani, usiifungue menyu kwanza. Ulizia mkate wa kahawia: "Mnauoka wenyewe?" Mkate huu hautiwi hamira. Ngano ya kule ni laini, kwa hamira haiumuki vizuri, basi wao hutia magadi ya kuokea na mtindi. Hakuna kukanda, hakuna kusubiri. Unachanganya, unachora msalaba juu, unatia jikoni. Sasa mpishi aliyeshindwa na mkate kama huo, akanunua wa dukani, samaki wako atamfanyaje?

Mimi na mzee wangu tulifika Cork ya magharibi usiku wa Novemba, mvua inapiga ubavuni. Tukaona hoteli kando ya barabara kuu, taa za kupendeza, ukutani picha ya mvuvi. Mkate ukaja vipande viwili vya mashine, baridi kama vimetoka kwenye friji. Nikaona. Lakini njaa ni njaa, nikaagiza supu ya samaki. Jamani, ile ilikuwa supu ya viazi. Samaki alipita kusalimia tu.

Asubuhi, kituo cha mafuta, kuna dada anatengeneza sandwichi. Sikumuuliza chakula kizuri kiko wapi. Ukiuliza hivyo atakupeleka hotelini kulekule, maana anadhani ndicho mgeni anachotaka. Nikamuuliza: "Mama yako akitimiza miaka themanini, mtampeleka kula wapi?" Akaweka kisu chini. Akawaza, akachukua mfuko wa karatasi akachora: kanisa, daraja, geti la bluu, kushoto.

Tukakuta nyumba ya mkulima. Mkate mezani umefunikwa kitambaa, bado una moto, siagi ina chembe za chumvi unaziona. Mama mwenye nyumba ana unga hadi viwikoni. Juu kulikuwa na vyumba vitatu. Tulikwenda kula mlo mmoja, tukalala siku mbili.

Kuna mtu hapo anataka kuniambia habari za nyota za kwenye simu. Nyota hizo amezitoa nani? Mgeni mwenzako, aliyelala usiku mmoja na kufurahia maegesho!

Na msidhani nyumba ile ni bahati yangu. Mwaka 1964 mpishi Myrtle Allen aliwafungulia wageni chumba cha kulia cha nyumba yake ya shamba pale Ballymaloe, mashariki ya Cork, akawa anaandika menyu ya siku kwa kutazama shamba limetoa nini na boti za wavuvi wa Ballycotton zimeleta nini. Vyumba vya wageni vilifuata baadaye. Kule meza na kitanda ni ndugu, ndiyo maana nawaambia msivitafute mbalimbali. Siwatumi Ballymaloe, kila mtu anaujua mfuko wake.

"Na sisi Waislamu?" Semeni usiku, si asubuhi sahani imeshafika. Ile soseji nyeusi ya kifungua kinywa ni damu ya nguruwe. Mwenye nyumba akijua mapema atakukaangia mayai au samaki, na uji wa oti (oats) upo.

Haya, mengine mbiombio. Jiko la baa hufungwa saa tatu usiku, mara nyingi kabla. Watoto nao sheria inawatoa baa saa tatu, au saa nne kuanzia Mei hadi Septemba. Majira ya baridi pigeni simu kwanza, nyumba nyingi hufungwa. Nyumba za shamba nyingi hazina namba, ombeni Eircode, ile namba ya posta ya kila nyumba, herufi na tarakimu jumla saba. Mji wa Dingle, kule Kerry, kwenye vibao vingi vya barabara unaandikwa kwa Kiayalandi, Daingean Uí Chúis, msizunguke nusu siku kama shemeji yangu. Gari ni kushoto, kama kwetu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Chaza wa Galway nilikuwa nao hapa ukurasa mzima, niulizeni kwenye chai. Mkate niliooka uko meza ya nyuma, siagi imo kwenye kikopo cha bluu, na kisu nimekileta kimoja tu.