Mmeniuliza Sana: “Really” Inakaa Wapi Mwingereza Anapokataa?

Shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi. Leo sizungumzii baridi. Kuna swali kila nikifungua komenti nalikuta: “Kaka, Kiingereza si ulisoma tangu shule, mbona unasema huwaelewi hao watu wakikukatalia?” Haya, najibu. Na najua yupo anayeandika sasa hivi kwamba nimefika Leeds, huku England, naanza kuwatambia kwa Kiingereza. Simtambii mtu. Wewe wa “kama umechoka rudi nyumbani”, nimeshakuona pia.

“Never” tuiache, hiyo wengi wetu tuliikariri kwa viboko. Kazi iko kwenye vijineno vya kukazia: “really”, “definitely”, “absolutely”. Sisi mkazo wetu unakuja mwishoni. Sitaki kabisa, sina hata senti, sitoi ng'o. Wao wanao wa mwishoni pia, “at all”, huo haunisumbui, umekaa kama “hata kidogo” yetu. Kinachosumbua ni huu unaokaa kati. “I really don't want it”, huyo hataki, usimbembeleze. Ichukue “really” hiyohiyo uipeleke nyuma ya “don't”: “I don't really want it.” Nguvu imekwisha! Hapo ni kama mtu anayekwambia sitaki sana. Ukimsogezea sahani anaweza akala.

Halafu adabu yao inazidi kuvuruga. “I don't totally agree”, ukiyapima maneno, amekubali kiasi, amekataa kiasi. Lakini kikaoni mara nyingi ndiyo kashakataa hivyo, anakustahi tu. Msimamizi akikwambia “that's not quite right”, usidhani imebaki kidogo. Kaa chini, huenda unaanza upya.

Sasa niwaambie lililonikera. Natafuta nyumba, nakutana na dalali wa hapa, kavaa suti. Namweleza: kazi ndiyo naanza, na mdhamini mwenye nyumba yake hapa Uingereza sina, kuna shida? Akajibu, “I don't really see a problem”, yaani sioni shida sana. Nikambana: kwa hiyo mdhamini hahitajiki kabisa? “Not necessarily”, yaani si lazima iwe hivyo. Jamani, hilo ni jibu? Lakini pesa ya kuishikilia nyumba aliitaka siku hiyohiyo, na hiyo aliisema bila kijineno chochote. Baadaye ikaja barua pepe: “We absolutely can't proceed without a guarantor”, yaani bila mdhamini hatuendelei kabisa. Ahaa! “Absolutely” walikuwa nayo muda wote, na wanajua pa kuiweka.

Kwa England, sheria ya ada za wapangaji ya 2019 inasema pesa hiyo ya kuishikilia nyumba isizidi kodi ya wiki moja, na mwenye nyumba akighairi mwenyewe, bila kosa lako, unarudishiwa. Niliwaandikia hayo, wakazungusha weee, mwisho ikarudi. Na kumbukeni nilikuwa nimetoka kulipa visa na ada ya afya, ile ya kutumia hospitali za serikali. Tangu Februari 2024 ada hiyo ni pauni 1,035 kwa mtu mzima mwenye visa kama yangu, kwa kila mwaka wa visa, unalipa kwa mkupuo hata ndege hujapanda. Visa ya miaka mitatu, pigeni hesabu wenyewe. Halafu shangazi mmoja kwenye grupu la familia anasema siku hizi naringa kwa sababu sijachangia harusi. Haya.

Ushauri? Huu ni wangu mimi, kwa kazi yangu na mji wangu. Aliyeko Marekani au Canada asije akanishika shati. Mimi siku hizi nikisikia kijineno kimekaa nyuma ya “don't”, pesa haitoki mfukoni. Naomba jibu kwa maandishi, nauliza swali la ndiyo au hapana, na akinijibu “not necessarily” naaga naenda kwa mwingine. Mwenzangu mmoja anasema najisumbua, yeye anaangalia sura tu. Labda kwake inafanya kazi.

Video ya eVisa (visa ya mtandaoni) na ile “share code” (namba unayompa mwajiri au mwenye nyumba aione visa yako) mliyoomba nitaifanya, mnipe muda. Na wewe unayekuja inboksi kuomba laki tano: I really don't have it. Angalia “really” nimeiweka wapi.